Drafti isiyo na kete

Kaka yangu mkubwa yuko Changamwe, Mombasa. Mara ya kwanza nilipomwambia kwamba huku Minnesota watu hukaa siku tatu mbele ya televisheni wakitazama drafti, alinyamaza kidogo, kisha akauliza nani kapata kingi. Kwake drafti ni ubao wa miraba, vifuniko vya soda, na wanaume chini ya mwarobaini wanaoambiana maneno ambayo hawangethubutu kuyasema harusini. Ikabidi nimweleze kwamba hii ya huku haina ubao wala kete. Ni timu 32 za futiboli ya Kimarekani zinazopanga foleni kila mwezi wa nne kuchagua vijana waliotoka vyuo vikuu. Iliyoboronga zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, bingwa huchagua mwisho, na hivyo mara saba, mpaka majina yapite 250.

"Kwa hiyo mnatazama watu wakisoma majina," akasema.

Ndiyo, tunatazama watu wakisoma majina. Na mimi kwa miaka sita nimejaribu kuyataja hayo majina kabla hayajasomwa, tena ya timu moja tu, Minnesota Vikings, nikapatia mara moja. Moja na nusu, ukiuliza upande wangu wa kesi, ambayo nitaieleza.

Nafanya kazi zamu ya jioni katika nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini mwa Minneapolis. Machi 2020, korona ilipoingia, milango ikafungwa na jamaa za wazee wakawa wanapunga mikono nje ya madirisha. Kulikuwa na mzee mmoja, mtoto wa wakulima, aliyeipenda Vikings tangu msimu wake wa kwanza kabisa, 1961. Alikwishaiona ikifika Super Bowl, fainali ya ligi, mara nne, ya kwanza Januari 1970 na ya mwisho Januari 1977, ikipoteza zote nne. Mimi nilimwita Mzee. Alidhani ni cheo fulani cha jeshini, na nilipomweleza maana yake akasema basi ni kikubwa zaidi ya alivyofikiri.

Usiku wa tarehe 23 Aprili mwaka huo hakuwa na wa kutazama naye. Nikamaliza kugawa chakula, nikavuta kiti mlangoni, barakoa usoni. Drafti yenyewe ilikuwa ya ajabu: hakuna ukumbi, hakuna umati, kamishna wa ligi anasoma majina akiwa chini ya nyumba yake, makocha wako sebuleni na watoto wao. Mzee akanipa kipande cha karatasi. "Andika Vikings watamchukua nani." Nikaandika CeeDee Lamb, mpokeaji, yaani mdaka pasi, wa Oklahoma, kwa sababu nilikuwa nimetazama video zake usiku kucha na nilimpenda. Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu yote.

Mzee aliisoma, akaikunja. Vikings walikuwa zamu ya 22. "Huyu," akasema, "atakaa mezani mpaka saa ngapi?"

Lamb aliondoka zamu ya 17, akaenda Dallas. Ndipo Mzee akaanza kunifundisha, bila haraka, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda kisimani. Zamu ile ya 22 haikuwa ya Vikings asilia. Ilikuwa ya Buffalo, na Vikings waliipata Machi kwa kumtoa Stefon Diggs, mpokeaji wao mkubwa. Umemuuza ng'ombe wa maziwa, umeshika pesa mkononi, na watoto bado wanataka maziwa: utanunua nini? Watachukua mpokeaji. Yupi, hilo hawaamui wao, anaamua aliye mbele yao kwenye foleni. Mbele yao, zamu ya 21, walikuwa Philadelphia, nao pia walitaka mpokeaji. Philadelphia wakamchukua Jalen Reagor. Mzee akapiga meza kwa kiganja mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Vikings wakamchukua Justin Jefferson wa chuo cha LSU, aliyeachwa na Philadelphia. Msimu wake wa kwanza alipata yadi 1,400. Wenye Philadelphia yao wanajua wanavyojisikia, sitatia chumvi.

Mwaka uliofuata tukaunda kamati. Sisi ni sita: wanne wa Kenya, Mtanzania mmoja wa Moshi, na jamaa mmoja wa Bukavu ambaye Kiswahili chake kinatuchekesha na chetu kinamchekesha. Sheria ilikuwa nyepesi. Kila mtu anaandika mkeka wake, jina moja kwa zamu ya kwanza ya Vikings, anautia kwenye bahasha, na Jumamosi, siku ya mwisho ya drafti, bahasha zinafunguliwa kando ya jiko la nyama huko Brooklyn Park. Aliyepatia halipi nyama. Mzee naye alitaka bahasha yake, nikawa ninaibeba mfukoni. Hakuna pesa inayobadilisha mikono, mke wangu akisoma hapa aelewe.

Mwaka huo, 2021, Vikings walikuwa na zamu ya 14. Nikafanya kazi yangu kama mtu mzima: safu ya mbele, wale majitu wanaomkinga kwotabeki, mrusha pasi, asiangushwe, ilikuwa imechoka. Nikaandika Alijah Vera-Tucker wa Kusini mwa California. Nikawa nyumbani usiku ule, watoto wamelala. Zamu ya 14 ikafika. Jina likasomwa: Alijah Vera-Tucker. Niliruka nikagonga taa ya dari. Ilinichukua sekunde kadhaa kusikia sehemu iliyobaki ya sentensi: kwamba waliomchagua ni New York Jets, ambao walikuwa wameinunua zamu ile kwa Vikings dakika chache kabla. Nilipatia namba, nikapatia jina, nikakosa timu. Vikings walirudi nyuma mpaka zamu ya 23, wakapewa na zamu mbili za duru ya tatu, na bado wakamchukua Christian Darrisaw, mlinzi wa kushoto ambaye ndiye tuliyekuja kumshangilia miaka iliyofuata. Kamati ilikaa juu ya mkeka wangu kwa saa nzima. Nikalipa nyama. Ndiyo ile nusu ninayoidai hadi leo.

Jumatatu Mzee hakunipa pole. Aliniuliza kwa nini kwenye karatasi yangu hakukuwa na neno "kuuza". Sikuwa nimejua kwamba zamu ni mali. Nilidhani timu husimama kwenye foleni kama watu kwenye benki, kila mmoja na namba yake. Kumbe ni soko. Tangu mapema miaka ya 90 kuna jedwali, linalohusishwa na Jimmy Johnson aliyekuwa kocha wa Dallas, linaloipa kila zamu thamani yake: ya kwanza pointi 3,000, ya 12 pointi 1,200, ya 32 pointi 590. Timu siku hizi zina majedwali yao wenyewe, lakini wazo ni lile lile. Ukitaka kusogea mbele unalipa, ukikubali kurudi nyuma unalipwa.

Ungedhani basi mwaka 2022 nilikuwa tayari. Ule ndio mwaka nilioaibika zaidi, na si mimi peke yangu, kamati nzima. Januari Vikings walikuwa wamemwajiri meneja mkuu mpya, Kwesi Adofo-Mensah, ambaye wazazi wake walitoka Ghana. Hebu fikiria hiyo habari ilivyotua kwenye kikundi chetu cha simu. Mtu wa jina kama hilo ndiye anayeshika kalamu! Tulishamfanya mjomba. Jamaa wa Bukavu alisema sasa tunaye mtu wetu ikulu. Na kwa sababu tulimpenda, tukampa mkeka wa watu wanaopenda: bahasha sita, na zote sita zilikuwa na jina la Kyle Hamilton, mlinzi wa nyuma wa Notre Dame, mrefu, mwepesi, mzuri kumtazama. Vikings wana zamu ya 12. Hamilton bado yupo zamu ya 12. Hatukuhitaji hata kuketi.

Akaiuza zamu. Tena akawauzia Detroit, mahasimu wa kundi lao wenyewe, watu wanaokutana nao mara mbili kila msimu. Detroit wakamchukua Jameson Williams. Hamilton akachukuliwa na Baltimore zamu ya 14. Vikings wakashuka ngazi 20 nzima, mpaka zamu ya 32, ya mwisho ya usiku ule, wakamchukua Lewis Cine wa Georgia, naye mlinzi wa nyuma.

Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. Mzee, ambaye bahasha yake ilikuwa na maneno mawili tu, "atauza, mlinzi", aliniuliza yule bwana alifanya kazi gani kabla ya futiboli. Nilijua. Sote tulijua, ilikuwa imeandikwa katika kila habari tuliyotumiana: alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa huko Wall Street, akasomea uchumi, ndipo akaingia kwenye takwimu za futiboli. Miezi mitatu tulikuwa tumelisoma jina lake na kuliacha lile lililofuata. Mtu aliyekula kwa kununua na kuuza, ukampa mali, atafanyaje nayo?

Yaliyompata Cine siyo mkeka tena. Oktoba ile ile, katika mechi iliyochezwa London, alivunjika mguu vibaya. Aliachwa na Vikings mwaka 2024, akiwa amecheza kidogo sana. Hilo lilinifundisha kunyamaza kidogo, maana kuna rafiki yangu mmoja katika kamati ambaye hulitaja jina la yule kijana kama tusi, na mimi pia nilifanya hivyo kwa muda. Ni majina tunayachezea, lakini kila jina lina mama yake.

Mwaka 2023 nilipatia. Nitasema nilivyofanya, kisha nitasema kwa nini si jambo la kujivunia sana.

Niliacha video. Nikachukua daftari la mtoto la hesabu, nikaandika si wanaokuja bali walioondoka. Machi, Vikings walimwachia Adam Thielen. Huyo ni kipenzi cha watu wa huku, mzaliwa wa Detroit Lakes papa hapa Minnesota, ambaye hakuchaguliwa kwenye drafti na timu yoyote na bado akawa nyota. (Kaka yangu aliwahi kuniuliza kama Mkenya amewahi kuingia ligi hii, nikamwambia Daniel Adongo wa raga alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013, naye pia bila kupita drafti. Milango ya nyuma ipo.) Basi Thielen ametoka, nafasi pembeni mwa Jefferson iko wazi. Halafu nikahesabu walichobakiwa nacho. Zamu yao ya duru ya pili ilikwisha kwenda Detroit msimu ukiendelea, walipomnunua T.J. Hockenson. Kwa hiyo hawawezi kusema mpokeaji tutamchukua kesho. Kesho hawana kitu mpaka duru ya tatu. Itabidi wamchukue leo. Katika drafti ya kwetu kula ni lazima, ukiona kete ya kula hupiti, na mwaka ule Vikings walikuwa na kete moja ya kula.

Wakabaki wapokeaji wanne wa kiwango kile. Zamu ya Vikings ilikuwa 23. Nikawapanga wanne wale kwa jinsi timu zilizo mbele zingewaogopa. Jordan Addison wa Kusini mwa California alikuwa hodari na mwenye tuzo, lakini kwenye mizani ya Indianapolis, ambako vijana hupimwa kama ng'ombe wa mnada, alikuwa na kilo 78 hivi. Nikasema huyu ataogopwa. Nikaandika Addison.

Zamu ya 20, Seattle, mpokeaji. Ya 21, Chargers, mpokeaji. Ya 22, Baltimore, mpokeaji. Watatu mfululizo, na Addison hajatajwa. Mikono ilikuwa inanitoka jasho. Ya 23, Addison. Safari hii niliisikiliza sentensi mpaka mwisho.

Sasa fikiria: kama mtu mmoja Baltimore angepiga kura tofauti, Addison angekwenda nao, Vikings wangemchukua Zay Flowers, na daftari langu la hesabu lingekuwa na akili ile ile bila nyama ya bure. Nililiona hilo usiku ule ule. Halikunizuia kuitwa Profesa mwaka mzima.

Profesa akaingia 2024 kifua mbele. Kirk Cousins, kwotabeki wa Vikings, alikuwa amekwenda Atlanta kwa mkataba wa dola milioni 180. Kila mtu, hata mke wangu, alijua Vikings watachukua kwotabeki. Walikuwa na zamu ya 11, na Machi walikuwa wamenunua ya 23 kutoka Houston. Nikatoa hukumu: wanakusanya mali ili wapande mpaka zamu ya tatu wamchukue Drake Maye. Nilikuwa na michoro. Nilikuwa na jedwali la pointi.

Nilichokuwa sina ni shaka. Wiki zile mbili kabla ya drafti ni msimu wa uongo, kila timu inavujisha inachotaka kusikika. Nilikwisha kujua hivyo, na bado kila uvumi uliokubaliana na mkeka wangu niliuita habari, na kila uliopingana nao niliuita uvumi. New England wakabaki na zamu yao ya tatu, wakamchukua Maye wenyewe. Zamu ya nane Atlanta, wale wale waliomlipa Cousins, wakachukua kwotabeki mwingine, Michael Penix. Chumba kizima kilisimama. Kisha Vikings wakalipa ili wasogee hatua moja tu, kutoka 11 mpaka 10, wakamchukua J.J. McCarthy wa Michigan.

Hatua moja! Nilimuuliza Mzee kwa nini ulipie kumpita mtu mmoja. Akasema humlipi umpite yeye, unamlipa asimuuzie mwingine aliye nyuma yako. Na hapo akanipa kisa cha 2003, ambacho wapenzi wa Vikings husimulia kama watu wa pwani wanavyosimulia chombo kilichozama kikiwa kimekaribia gati. Zamu ya saba, wanajadiliana kuuza, simu huku na huku, saa ikawaishia. Jacksonville wakakimbilia kuandika jina, Carolina nao wakafuata, na Vikings wakaja kuchagua wa tisa, kama mteja aliyesahau foleni alipokuwa akihesabu chenji. Walimpata Kevin Williams, akawa mmoja wa walinzi wakubwa wa historia yao. Mzee hulisema hilo la mwisho kwa sauti ndogo, kwa sababu linaharibu kisa.

McCarthy aliumia goti kwenye mechi za maandalizi Agosti, akakosa msimu mzima. Timu ikaendeshwa na Sam Darnold, ambaye hakuna aliyemtarajia, ikashinda mechi 14. Sikumbuki mtu hata mmoja aliyekuwa na hilo kwenye bahasha yoyote.

Januari 2025 Darnold huyo huyo aliangushwa mara 9 na Rams katika mechi ya mtoano iliyowatoa. Tisa. Mimi nilitazama hilo, kisha nikatazama kwamba Vikings walikuwa na zamu nne tu kwenye drafti nzima, kisha nikatazama kwamba walikwisha kununua walinzi wawili wa safu ya mbele sokoni, kisha nikakumbuka yote niliyofundishwa kwa miaka mitano. Mwenye kete chache atarudi nyuma azizidishe. Bahasha yangu ilikuwa na neno moja, la kiprofesa: watauza.

Hawakuuza. Zamu ya 24 wakamchukua Donovan Jackson wa Ohio State, gadi, mlinzi wa ndani ya safu.

Jumamosi ile ilikuwa na baridi yake ya Aprili, tumesimama na makoti kuzunguka jiko. Tukafungua bahasha. Wangu ukachanika wa kwanza. Mikeka mingine minne ikafuata njia hiyo hiyo, mmoja ukiwa na jina la mchezaji aliyekwisha kuchukuliwa zamu ya 18. Wa Bukavu alikuwa amesahau kuandika. Ikabaki bahasha ya Mzee, kwa mwandiko wake wa kutetemeka, na mtu wa Moshi akaisoma kwa sauti: "Gadi. Yeyote atakayekuwa amebaki."

Kukawa kimya. Kisha mwenyekiti akasema sheria inataka jina, na hilo si jina. Mwingine akasema mzee wa miaka 84 aliyeona Super Bowl nne zikipotea anastahili sahani bila kesi. Mwenyekiti akasema huruma siyo sheria. Nyama ilikuwa imeanza kutoa moshi usio mzuri na hakuna aliyeigeuza.

"Ameandika yeyote," akasema wa Bukavu, akichukua koleo. "Huyo Jackson, si yeyote?"